Mwaka wa Kukhu na Mgeni

Habari za kifo cha Shiundu zilinikuta nimeinama, kichwa ndani ya injini ya lori la mtu. Injini ilikuwa inanguruma, maana nilitaka kusikia inavyogonga, na yule dereva aliyetoka Matungu aliniita sijui mara ngapi pale nyuma yangu. Mwishowe akanigusa mgongoni. Niligeuka kwa hasira, kwa sababu sipendi kuguswa nikiwa kazini, na hasira yote ikakosa pa kwenda aliposema, "Mama, ule Shiundu wa zamani, mwenye alikuwanga dereva wa bredauni hapa Kakamega, tulimzika Jumamosi. Nilifikiria umejua." Sikujua. Nilizima injini, nikaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa kifudifudi, nikafuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Dereva yule, mtu mwema, akasema anaenda kununua soda.

Nina gereji yangu sasa, kwenye njia ya Shirere, na wateja wanaongoja magari yao hawakosi ubishi uleule: injini ya zamani na injini ya sasa, ipi inavuta mzigo mzito? Huwa nawaacha wabishane mpaka wachoke, kisha nawaambia inategemea nani ameshika usukani, nao wanadhani nakwepa swali. Sikwepi. Nilitumia miezi saba kulijibu swali hilo kwa kalamu na daftari, na jibu lenyewe likanipotezea mtu niliyempenda kuliko nilivyompenda mwingine yeyote, kabla yake au baada yake. Nasema hivyo bila kuficha, maana nimefika umri ambao aibu imechoka kunifuata.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuo cha ufundi na cheti ambacho hakuna aliyetaka kukiona mikononi mwa msichana. Mzee Rajabu, Mwislamu wa Mumias aliyekuwa na yadi ya kuvuta malori yaliyoharibika, aliniajiri wiki ileile aliyonunua bredauni la pili, lori la kuvutia mengine. La kwanza lilikuwa zee, limepakwa rangi mara nyingi hata milango ilikuwa minene, na wote waliliita Kukhu, yaani nyanya. Hili la pili, lililotumika ng'ambo kwanza likaja kwetu na injini yake ya kompyuta, tukaliita Mgeni. Mimi nililetwa kwa ajili ya Mgeni, kwa kuwa nilijua kusoma kile kimashine kinachochomekwa chini ya dashibodi kueleza gari linaumwa wapi. Shiundu alikuwa wa Kukhu. Alikuwa amemwendesha miaka tisa, na alipoambiwa kuna lori jipya alisema, "Karibu yake," akaendelea kupaka grisi. "Binti Khasandi," Mzee Rajabu aliniambia siku ya kwanza baada ya salamu zake ndefu, "huyu ni Shiundu. Usibishane naye kabla ya chai." Nilibishana naye kabla ya chai.

Chai tulikunywa katika chumba cha mabati kilichobandikwa ubavuni mwa ofisi ya mzee. Nakiona kile chumba vizuri kuliko ninavyoona vyumba nilivyoishi miaka mingi. Jiko la makaa pembeni, benchi moja refu lililotengenezwa kwa mbao za tela la miwa, kalenda ya miaka iliyopita ambayo hakuna aliyeitoa kwa sababu picha yake ilikuwa nzuri. Saa saba tulikula obusuma, ugali wa kwetu, na mboga za mitoo, na siku kazi ilipokwenda vizuri mzee aliagiza ingokho, kuku mzima, na Shiundu akaachiwa firigisi kama mkubwa wa boma. Ukuta kati yetu na ofisi ulikuwa bati tupu, kwa hiyo yote aliyoyasema mzee kwenye simu tuliyala pamoja na ugali. Shiundu peke yake hakuwahi kucheka mambo ya ukutani. Nilidhani ni heshima. Nilidhani pia ni maringo yanayomfanya aniangalie midomo ninapoongea, kwa macho yasiyopepesa, na sitakataa kwamba yale maringo yalinipendeza.

Kulikuwa na jambo jingine. Fundi wa injini nzito anapotaka kujua kinachogonga huchukua nondo, anaweka ncha moja kwenye chuma cha injini na ya pili kwenye sikio, na sauti inamjia safi. Shiundu hakuweka kwenye sikio. Aliiuma. Alishika nondo kwa meno, akafumba macho, akasimama hivyo kama mtu anayesali, kisha akaitoa na kusema, "Nozeli ya nne," na ilikuwa nozeli ya nne. Wenzetu walimcheka kwamba anamla Kukhu akiwa hai. Na mimi, fundi mwenye cheti, nilicheka pamoja nao, sikujiuliza mtu anayeacha masikio yake mawili na kutumia meno anatafuta nini.

Ilipofika mwezi wa nne tulimsikia mzee kupitia bati akisema kwamba hawezi kulisha malori mawili, moja litauzwa. Siku iliyofuata alinipa daftari lenye jalada jeusi. "Nitakalobakiza ni lile lenye kuvuta vizuri zaidi. Mtapanda pamoja, wewe na Shiundu. Leo Kukhu, kesho Mgeni. Uandike haki, hata kama haki yenyewe chungu." Hivyo ndivyo nilivyokaa kando ya Shiundu miezi mingi, kutoka Butere hadi Matungu, tukivuta malori ya miwa yaliyokatika ekseli na matrekta yaliyozama kwenye tope. Niliandika haki. Kukhu alikuwa na pampu ya chuma, hakuna waya, hakuna wa kumuuliza ruhusa. Ukimpa dizeli na hewa anavuta mpaka dunia iishe. Lakini alivuta polepole, alikunywa sana, alichemka kwenye kila mlima mrefu, na kwenye mteremko hakuwa na cha kumzuia ila breki za mguu, ambazo zilinuka kabla hamjafika chini. Mgeni alipanda kwa gia mbili juu ya ile ya Kukhu, akiwa na mzigo uleule, bila moshi, bila kelele, na wakati wa kuteremka injini yenyewe ilimshika hata ungeweza kunywa chai. Kasoro yake ilikuwa moja: alijipenda. Akihisi joto limezidi au maji yamepungua, anakupigia kengele ndani ya kebini, na usipomsikiliza anakata nguvu mwenyewe kuokoa injini yake, hata kama mko katikati ya mlima.

Sasa sikia kosa letu, maana ni letu sote. Lori la mizigo likikosa hewa, breki zake hujifunga zenyewe, halivutiki. Ili livutike unaingia chini yake na spana, unazikaza zile springi za breki kwa boliti mpaka magurudumu yazunguke, na tangu hapo lori la nyuma halina breki yoyote. Linategemea la mbele tu. Namna salama ni kulipatia hewa kwa mpira kutoka kwenye bredauni, lakini ile inachukua muda, na mpira ulikuwa umetoboka. Kila bredauni kwenye ukanda wa miwa lilivuta kwa boliti hivyo, bila breki nyuma. Tulifanya kwa sababu Kukhu hakuwahi kukata nguvu mlimani, na tukaendelea kufanya tukiwa na Mgeni bila kufikiri.

Asubuhi moja ya mvua tulikuwa tunatoka Mumias na lori limejaa miwa nyuma yetu. Tulipovuka daraja la Lusumu na kuanza kupanda, kengele ya Mgeni ilianza kulia. Taa yake kwenye dashibodi ilikuwa imekufa tangu lori litoke kwa mwenyewe wa kwanza, kwa hiyo kilichobaki ni mlio, mkali, wa kuumiza kichwa. Nilimngoja Shiundu aegeshe. Alikuwa ametulia, anatazama barabara, anaimba kwa chini wimbo wa kanisani. Nilimtazama. Mlio ukaendelea. Aliendelea kuimba. Ndipo nondo ile, na midomo yangu aliyoitazama, na kimya chake mbele ya ukuta wa bati vilikuja kwangu vyote kwa wakati mmoja, nikashindwa hata kupiga kelele. Mgeni alikata nguvu. Tulianza kurudi nyuma tukivutwa na tani za miwa zisizo na breki, magurudumu yetu yamefungwa lakini yanateleza kwenye lami iliyolowa. Shiundu alikata usukani, lori la nyuma likapiga ukingo wa udongo, likalala upande, na miwa ikamwagika hadi miguuni pa mama mmoja aliyekuwa na beseni la ndizi. Yule mama hakuguswa. Alituangalia tu, akaweka beseni chini, akaanza kulia.

Tulikaa kebini, mvua inapiga kioo. Nilimshika uso nikaugeuza kwangu. "Tangu lini?" Aliniambia. Sikio la kushoto lilikufa zamani. "Hii ya kulia inasikianga kidogo, kama mtu anaongea chini ya maji. Ukiniangalia naelewa yote." Injini ya Kukhu ilikuwa mbele ya magoti yake, na kati yake na ile ngurumo palikuwa na kipande cha bati na zulia lililochakaa, miaka tisa. Kukhu aliyempenda ndiye aliyemla masikio. Ndani ya Kukhu hakuyahitaji. Alimsikia kwa nyayo na kwa makalio, kila gia, kila kukohoa. Ndani ya Mgeni, aliye laini na mkimya, hakusikia kitu. "Khasandi, usiseme," aliniambia. "Mimi bila gari ni nani?" Tulimwambia mzee kwamba mpira wa rejeta ulipasuka, jambo ambalo lilikuwa kweli, na tukaziba mpira wa hewa siku ileile.

Kwa hiyo nikawa masikio yake. Tulijitungia lugha. Nikimgonga pajani mara moja, kuna anayepiga honi nyuma. Mara mbili, hatari, simama. Ya tatu niliitunga mimi, siku tuliyokaa chini ya mwavuli mmoja Butere tukingoja mnyororo. Tulikuwa tumeshakubaliana mambo makubwa wakati huo, ya kwetu sisi wawili, na mahari yalikuwa yameanza kutajwa nyumbani kwao. Nilimgonga mgongoni mara tatu akiwa ametazama mvua. "Hiyo ni ya nini?" akauliza. Nikamwambia: mara tatu ni geuka uniangalie, nina neno. Akageuka. Sikuwa na neno lolote, nilitaka tu kuona uso wake ukigeuka. Ile miezi nilikuwa na furaha ya kijinga, na kwenye daftari, katikati ya hesabu za milima, kuna kurasa ambazo mwandiko wangu umelala kwa sababu niliandika kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umewekwa kwake.

Mwezi wa kumi na moja mzee alitaka daftari. Usiku wake sikulala, lakini uamuzi haukuwa wa usiku ule. Ulikuwa wa kile chumba cha mabati, mchana, tukila. Tulimsikia mzee kupitia bati akimwambia mtu kwamba msichana atabaki karakana, amefunguliwa duka la vipuri, dereva ataendesha peke yake. Yaani nilisikia mimi. Nilimweleza Shiundu kwa midomo bila sauti. Aliweka tonge chini. "Andika Kukhu ameshinda," alisema. "Mzee auze huyu Mgeni. Na Kukhu mimi niko sawa." Nilimwambia hayuko sawa, kwamba hata ndani ya Kukhu hawezi kusikia honi, wala mtoto akipiga kelele nyuma ya gurudumu. "Miaka tisa nimeua nani?" Nikamkumbusha mama wa ndizi. Alinitazama midomo mpaka nilipomaliza, kisha akatazama ukuta, na mtu anayesoma midomo akitazama ukuta, amekufungia mlango.

Nilipeleka daftari. Niliandika Mgeni ameshinda, na ni kweli alishinda. Kisha nikasema lile lingine. Mzee Rajabu alivua kofia yake akaiweka juu ya meza. "Subhanallah. Na mimi nilikuwa nadhani ananidharau." Hakumfukuza. Alimwita, akamwekea kazi ya karakana, akamwahidi kwamba hakuna atakayeambiwa sababu. Lakini ulikuwa ukuta wa bati, na kufikia saa saba yadi nzima ilikuwa inajua, na mjinga mmoja alikwenda nyuma ya Shiundu akapiga makofi kumjaribu, watu wakacheka. Mimi nilikuwepo. Aliyaona macho yangu kabla ya kuona vicheko, na akajua ni nani aliyesema.

Kukhu alichukuliwa Ijumaa, na mnunuzi wa Butere alitaka aandaliwe. Shiundu alikataa mtu mwingine kumgusa. Nilimkuta amefungua boneti, ameinama ndani hadi kiunoni, nondo mdomoni, injini inanguruma kwa ile sauti yake ya kutikisa vifua. Nilisimama hatua mbili nyuma yake. Sijawahi kuwa mwoga wa maneno, lakini siku ile niliyachambua kama mchele. Nilisema, "Shiundu, nisamehe. Nimesema kwa sababu sitaki kukuzika. Ukiamua kurudi Matungu nitakuja na wewe, leo hii, hata bila nguo. Niambie tu nije." Nilingoja. Mgongo wake haukusogea. Mkono wake uliendelea kukaza kitu ambacho nilijua kimeshakaza. Nikasema tena, kwa sauti zaidi, "Niambie nije," na alipokaa vilevile nikaelewa nimejibiwa. Nilikuwa na hasira za karibu na kiburi cha mbali. Niligeuka, nikaenda zangu.

Jioni hakuwepo. Alirudi kwao kulima miwa. Nilimngoja atume neno, miezi mingi kuliko ninavyopenda kukiri, na kila nilipotaka kupanda gari kwenda Matungu nilijikumbusha ule mgongo. Nimeomba, nilijiambia, amekataa, mtu haombi mara mbili. Nikasikia ameoa. Nami nikaolewa baadaye, nikaachana na mume wangu bila ugomvi, nikafungua gereji. Maisha hayakusimama, nisiwadanganye. Yalitembea tu kama lori linalovutwa.

Wiki ile baada ya soda ya yule dereva nilikwenda. Mjane wake, Mama Beti, alinipokea mlangoni kana kwamba tuliagana jana. "Wewe ni Khasandi wa daftari," alisema. "Nilikuwa najua utakuja, sikujua ni lini." Alinikalisha sebuleni, chini ya picha ya Shiundu iliyozungushiwa utepe mweusi. Pichani alikuwa amenenepa, mvi zimemkaa vizuri. Mama Beti alileta chai na viazi vitamu, tukaongea habari za ugonjwa, za watoto, za miwa ambayo imechelewa kukatwa. Ni mwanamke mpole na nilimpenda, jambo ambalo lilifanya kila kitu kiwe kigumu zaidi. Kisha akagonga mkono wa kiti mara moja, halafu mara mbili.

"Alinifundisha hii," alisema. "Moja, kuna mtu kwa mlango. Mbili, hatari. Nikimuuliza na tatu ni nini, alikuwa anasema tatu ni ya mtu mwingine." Akaendelea bila ubaya wowote, kama mtu anayerudisha kitu kilichoazimwa. "Hakuwanga anaongea sana hiyo maneno. Lakini wakati amegonjeka aliniambia. Alisema siku ya mwisho aliona viatu vyako chini ya bampa. Akajua umekuja. Akasema, huyu akinigusa tu, mimi nitageuka. Akangojaaa. Halafu akaona viatu zinaenda. Akasema, Khasandi alikuja kuniangalia tu, hakuwa na neno."

Hakuwa na neno. Mimi niliyewatangazia wote kwamba hasikii, nilisimama nyuma yake nikamwambia mgongo, na Kukhu ananguruma kati yetu. Lingekuwa lile lori jipya labda sikio la kulia lingeokota chochote, hata jina lake. Lilikuwa la zamani. Na nilikuwa na mkono, na lugha niliyoitunga mwenyewe, na hatua mbili tu. Nilisahau. Aliijibu midomo yangu vizuri sana mwaka mzima hata nikasahau kwamba ni kiziwi, siku moja pekee niliyotakiwa kukumbuka. Nililia mbele ya mke wa mtu kama mtoto, naye akanishika bega akaniacha nilie.

Alipokwenda jikoni kupasha chai nilitoka nje. Kaburi liko pembeni ya shamba la miwa, udongo bado mwekundu, maua ya karatasi yamelowa umande. Nilisimama hatua mbili. Safari hii sikusema kitu. Nilisogea, nikainama, nikaupiga ule udongo kwa kiganja mara tatu, kisha nikangoja, mwanamke mzima mwenye akili zake, mpaka Mama Beti aliponiita kwamba chai inapoa.